Ubao wa Kafara

Wazee saba tulikuwa tumepiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, kila mmoja na bisibisi yake, tukimng'olea marehemu reli zake. Mvua ya Machi ilikuwa ile nyembamba ya bondeni kwetu Oregon, isiyomfukuza mtu arudi ndani wala kumwacha mkavu. Zilisikika skrubu tu zikitoka katika mataruma, na mara mojamoja goti la mtu likilia.

Ndiyo ada ya chama chetu cha wajenzi wa treni ndogo. Mwenzetu akifa, tunangoja wiki sita, kisha tunakwenda Jumamosi asubuhi kumsaidia mjane kuusafisha ua, maana treni za bustani si kitu cha kukunja na kutia kabatini. Orrin Tollefson alikuwa na futi mia tatu za reli zilizozunguka maua na mawe, kwa ukubwa wa moja kwa ishirini, hata mtu mzima wa dunia ile hufikia urefu wa kidole changu cha kati. Kulikuwa na kituo, tangi la maji, kiwanda cha mbao chenye msumeno unaozunguka kwelikweli. Na nyuma kabisa, palipokuwa na kibonde kilichofichwa na vichaka, lilikuwapo daraja.

Tukishang'oa, vitu vyote hupangwa juu ya meza, na mjane huchagua kimoja kabla mtu mwingine hajagusa. Kimoja tu, chochote akipendacho. Ndipo sisi wengine hugawana kilichobaki. Ada hiyo haikuandikwa popote, na kabla yangu hakuna aliyewahi kuivunja.

Naitwa Delmar Quist. Nilifundisha useremala katika sekondari ya mji huu miaka thelathini na mmoja, na hadi leo nikipita barabarani watu wenye mvi huniita mwalimu. Mke wangu aliniacha zamani. Alisema si kwa sababu ya treni, ingawa treni zilisaidia. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na sisi tunaoosha nyua za marehemu tunajua mengi: nani aliunganisha nyaya ovyo, nani alificha chupa ndani ya handaki. Kwa Orrin hatukukuta aibu yoyote. Aibu niliileta mimi.

Lazima nilieleze daraja lenyewe. Lilikuwa la mbao tupu, urefu futi nane na kimo futi mbili, nalo lilipinda na kupanda kwa wakati mmoja. Fundi yeyote atakwambia maana yake: safu kumi na moja za nguzo, na hakuna safu hata moja iliyolingana na mwenzake kwa kimo wala kwa mwinamo. Kila kiungo kilikazwa kwa bolti nyeusi ndogo kuliko punje ya mtama. Orrin hakuwa mwalimu wa mtu. Alikuwa mpasuaji mbao kiwandani, msumeno ulikuwa umemla vidole viwili vya mkono wa kulia, na hesabu zake alizifanya kwenye mifuko ya karatasi ya dukani.

Mimi nami nilikuwa na bonde katika ua wangu, na juu yake nilikuwa nimejenga madaraja matatu. La kwanza lilipindwa na mvua. La pili rakuni, mnyama mnene wa huku kwetu, alilikalia likavunjika. La tatu nililichoma mwenyewe kabla jirani hajaliona. Treni yangu ilifika ukingoni, ikasimama, ikarudi kinyumenyume ilikotoka, na kila mwaka niliwaambia wageni kwamba kazi bado inaendelea. Mwalimu wa useremala aliyeshindwa na mbao: hilo lilikuwa likinila kimyakimya, na kila nilipoliona daraja la Orrin nilimpongeza huku roho ikiniuma.

Basi asubuhi ile nilijichagulia kazi ya kule nyuma, peke yangu na daraja. Wenzangu walikuwa mbele ya nyumba wakipakia kokoto. Verna, mjane, akaja na mwavuli, amevaa koti la Orrin lililomfika magotini.

"Delmar," akasema, "wala msinipangie meza. Mimi nimeshachagua. Nataka daraja."

"Daraja?"

"Nitaliweka kando ya njia ya jikoni, nipande maua chini yake. Hizo treni mnaweza kuzichukua zote. Daraja ndilo ninalolijua."

Nilijisikia kama mtu anayenyang'anywa chake. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo; tayari kichwani mwangu lilikuwa limevuka bonde langu.

Hapa pana jambo la ufundi. Kila ajengaye daraja la bustani hulaza chini ya nguzo ubao wa msonobari, duni, usiotiwa dawa yoyote. Huo ndio unaokunywa unyevu wa ardhi, ili uoze wenyewe na nguzo zipone. Sisi huuita ubao wa kafara. Baada ya miaka mitatu minne unautoa na kulaza mwingine. Orrin alikuwa amelala hospitali majira ya baridi yote, na ubao wake ulikuwa umekwisha.

Nikachukua bisibisi nikaichoma kwenye ubao ule, mbele ya macho ya Verna. Ilizama hadi kwenye mpini, bila sauti, kama imeingia kwenye keki.

"Limeoza, Verna," nikasema. "Limeanza chini. Ukilinyanyua litakumwagikia mikononi."

"Lakini alisema ni mwerezi. Moyo wa mti, alisema."

"Nje rangi ni nzuri. Ndani hamna kitu. Pole sana."

Aliitazama bisibisi, akanitazama mimi. "Haya. Wewe ndiye mwalimu."

"Nitalibeba nikalichome kwangu, usije ukaliona likivunjwavunjwa."

"Asante, Delmar," akasema. "Una moyo mzuri."

Akaenda mezani akachagua kituo, kile kidogo chenye saa iliyochorwa. Ningependa kusema kwamba mkono wangu ulitetemeka nilipolifunika daraja kwa turubai. Haukutetemeka hata kidogo.

Nililificha gerejini zaidi ya mwaka. Nililigeuza, mbele nikapafanya nyuma, nikalipaka mafuta meusi, nikalitia reli mpya na vizuizi vya pembeni. Mwezi wa Mei wa mwaka uliofuata nililaza ubao mpya wa kafara bondeni, nikalisimamisha, na likakaa kana kwamba Orrin alikuja usiku kupima. Nikapitisha garimoshi na mabehewa manane. Mlio wa magurudumu ulibadilika lilipoingia kwenye mbao, ukawa mnene na wa kina, kama wa treni halisi. Nilifurahi. Nilisimama uani peke yangu nikacheka kwa sauti, na sasa nikikumbuka yote, kicheko kile kinanitia haya kuliko hata uongo wenyewe.

Wa kwanza kuliona alikuwa Lyle Bascom, mwenyekiti wetu, kinyozi mstaafu ambaye ulimi wake haujastaafu.

"Eh bwana wee!" akapiga ukelele akiwa bado getini. "Delmar! Hilo jini gani kakujengea?"

"Umelipenda?"

Alilizunguka, tumbo mbele, mikono nyuma. "Ila ngoja. Mbona linafanana na la Orrin? Pacha kabisa."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa nafasi pana, mchana mweupe, na mtu mmoja tu mbele yangu.

"Nililipima kabla sijalichoma," nikasema. "Nikaona nilirudie upya. Kwa kumkumbuka."

Lyle akavua kofia. Akanishika bega, machozi yamemlengalenga, akasema, "Kumbe wewe mzee una utu, na tulikuwa tunakuona una pua juu tu." Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini mimi katika yangu nilipigiwa makofi kila kona. Wiki iliyofuata Lyle aliandika katika jarida letu: daraja la kumbukumbu ya Orrin Tollefson, kazi ya mikono ya rafiki yake. Na kwa wema wake, akampigia Verna simu.

Siku ya nyua wazi huwa Jumamosi ya pili ya Juni. Wageni hutembea kutoka ua hadi ua na ramani mkononi, na kila mwenye treni hutoa maji ya limau na biskuti. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeshaulizwa juu ya daraja mara hamsini, nami nilikuwa nimeshazoea. Nilikuwa na maelezo, mzaha mahali pake, hata namna ya kutazama chini nilipolitaja jina la marehemu. Niliwahi kumpa mwanafunzi sifuri kwa sababu kisanduku alicholeta kilitengenezwa na baba yake. Nilimsimamisha mbele ya darasa zima hadi akalia. Siku ile hata hakunijia akilini.

Verna alikuja na pai ya beri nyeusi. Watu walimpisha. Akapiga goti polepole, mkono mmoja kwenye jiwe, maana ana miaka sabini na minne, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akapitisha kidole chini ya boriti, kwenye mstari wa bolti, toka safu ya kwanza hadi ya tatu. Hapo akakizuia.

"Na hizi bolti, Delmar," akauliza bila kugeuka. "Ulizifanyaje?"

Swali hilo nililijua. Nilikuwa nimemsikia Orrin akilijibu miaka nenda miaka rudi, uani kwake, akiwa amezungukwa na wageni. Nikajibu kama yeye.

"Kijiti cha shaba. Unakitia kwenye mashine ya kukereza, unakata kichwa kimojakimoja, halafu rangi nyeusi. Ziko mia sita na ushee."

"Mia sita."

"Na ushee."

"Peke yako?"

"Na nani mwingine?" nikacheka, na wageni wakacheka nami.

"Macho hayakuuma?"

"Yaliuma sana, Verna."

"Lazima yaliuma," akasema.

Akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka. Aliushika mkono wangu kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akinitazama usoni kama mtu anayengoja basi. Lyle akapaza sauti: "Simameni hapohapo! Picha! Fundi na mjane!" Tukasimama pamoja mbele ya daraja, mimi nikitabasamu meno yote nje. Picha hiyo ilichapwa katika jarida, na ninayo.

Joto la Julai lilikuwa kali mwaka ule. Asubuhi moja nilikuwa nikiwatoa makoa kwenye reli nikaona kitone cheupe chini ya boriti. Nilidhani ni kinyesi cha ndege. Nikakikwangua kwa kucha, kikazidi kung'aa: rangi nyeusi ilikuwa imebambuka kwenye kichwa kimoja cha bolti, na chini yake hapakuwa na shaba. Palikuwa na kioo. Nikachukua koleo nikavuta, kikatoka kitu chembamba, cha chuma, chenye urefu wa nusu kidole.

Ilikuwa pini ya kushonea. Nikavuta nyingine, nayo pini. Nikaenda safu ya tano, nikavuta moja, kisha safu ya mwisho. Pini zote, zenye vichwa vya kioo, zimechomekwa moja baada ya moja na kupakwa rangi moja baada ya moja.

Nilikaa chini juu ya kokoto. Orrin, na vile vidole vyake vitatu, hakuweza hata kufunga kifungo cha shati lake, alifungiwa. Na Verna kwa miaka arobaini alikuwa amepunguza na kupanua magauni ya harusi ya mabinti wa mji huu katika chumba chake cha mbele, na mdomo wake ulikuwa na pini hata ukimsalimu. Alikuwa amejua tangu kidole chake kilipogusa boriti. Aliniuliza peke yako, akaniuliza macho hayakuuma, akanishika mkono akaningoja, na kila mlango alioufungua mimi niliubamiza, tena nikicheka. Uso uliniwaka hata nikauficha kwa viganja, ingawa uani hapakuwa na mtu.

Wiki tatu nilimkwepa. Simu ililia nikaiacha ilie. Siku moja sokoni nilimwona kwenye vitunguu, nikajibanza nyuma ya magunia ya chakula cha mbwa, mzee mzima, nimeinama kama mwizi wa kuku. Kijana wa duka akanikuta.

"Nikusaidie, mzee? Mbwa wako mkubwa au mdogo?"

"Wa kati," nikasema.

Sina mbwa. Nililipia gunia lile nikalibeba hadi garini, na nilipoliweka nyuma nikaona kwamba nimefika mahali ambapo siwezi tena kusema hata neno moja la kweli kwa mtu nisiyemjua. Hapo ndipo nilipochoka. Kesho yake nililing'oa daraja, nikalipakia kwenye pikapu, nikaenda kwa Verna.

Ua wake ulikuwa umeota nyasi tupu. Alifungua mlango akanitazama, kisha akalitazama turubai kwenye pikapu.

"Kahawa?" akauliza.

Tuliketi jikoni. Kituo kidogo kilikuwa dirishani, kando ya chupa ya sabuni. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani, ikapotea yote.

"Lilikuwa halijaoza," nikasema.

"Najua."

"Nilichoma ubao wa chini. Ule huwekwa ili uoze. Nilijua hujui."

"Huo sikuujua," akasema. "Nilikuwa najiuliza ulifanyaje. Endelea."

"Nilikuwa na wivu, Verna. Sina kingine. Nilikuwa nimeshindwa mara tatu, nikalitaka."

Alizungusha kikombe chake. Alipoongea hakupaza sauti, na nilitamani apaze.

"Mwaka jana, wiki ile ulipoondoka nalo, nilikwenda makaburini. Nikamfokea. Nikamwambia, Orrin, miaka yote kiwandani na mbao hukujua kuchagua? Majira matano ya baridi umeniweka kwenye meza hii hadi mgongo ukanipinda, kwa ajili ya kitu kilichooza? Nilimwita mzembe, Delmar. Nikamwita mwongo, kwa sababu aliniapia ni moyo wa mwerezi. Siku yake ya kuzaliwa sikumpelekea maua. Mwaka mzima nimekaa na hasira na mtu ambaye hawezi kujibu."

Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa tayari kuitwa mwizi. Neno hilo nilikuwa nimelizungusha mdomoni wiki tatu na nilikuwa nimeanza kulizoea. Hili sikuwa nimelifikiria kabisa: kwamba nilimwendea maiti kaburini nikamchafulia jina kwa mkewe, na kwamba katika mji mzima ni mimi tu niliyejua ubora wa mbao zile, na mimi ndiye niliyezitukana.

"Nilikuamini," akasema, "kwa sababu wewe ndiye mwalimu."

"Nilijua utaniamini."

"Kuna lingine. Ile siku ulipokuwa unanieleza bolti, ile shaba, ile mashine ya kukereza. Unajua nilimsikia nani?"

Nikainua macho.

"Orrin. Neno kwa neno. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu, kila mwaka, mimi nimesimama nyuma yake na jagi la limau. Aliona haya kusema ni pini za mke wake. Aliona watamcheka. Wewe umeiba daraja hadi uongo wake."

"Kwa nini hukusema siku ile? Mbele ya watu wote?"

"Ningesema nini? Kwamba wewe mwongo, na yeye pia? Ningemwaibisha yeye ili nikupate wewe." Alisimama akasuuza kikombe ambacho hakukinywea. "Nimemwomba radhi kuhusu mbao. Kuhusu bolti, bado yeye hajaniomba mimi."

Nikasema nitalishusha daraja, nitaliweka popote atakapo, kando ya njia ya jikoni kama alivyotaka tangu mwanzo, na sitarudi tena kumsumbua. Nilikuwa nimeshasimama. Naona sasa jinsi nilivyokuwa na haraka.

"Hapana," akasema. "Ukilishusha hapa leo, nitakuwa nimekusaidia kulificha. Jumamosi kuna kikao. Lilete huko. Nami nitakuja."

Vikao vyetu hufanyika ukumbi wa wakulima, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa kahawa na donati. Mwenye kazi mpya huileta mezani, na mwenyekiti humwuliza maswali matatu: nani kaifanya, kwa kitu gani, na alikosea wapi. Swali la tatu ndilo linalopendwa. Watu huja kwa ajili yake, maana hapo fundi husimulia jinsi alivyojigundisha vidole au kuweka behewa kichwa chini, na ukumbi hucheka.

Tuliunganisha meza mbili ndipo daraja likaenea. Verna alikuwa amekaa safu ya nyuma, mkoba mapajani. Watu thelathini hivi walikuwapo, baadhi yao ninaowajua tangu wakiwa wanafunzi wangu.

"Haya, haya!" Lyle akapiga makofi. "Daraja letu maarufu. Majibu tunayo, lakini sheria ni sheria. Delmar, nani kalifanya, kwa kitu gani, na ulikosea wapi?"

Kicheko kikaanza kujipanga. Nikaweka mikono mezani ili ipate pa kushika.

"Kalifanya Orrin," nikasema. "Siyo nakala. Ni lenyewe. Halikuoza na sikulichoma. Verna alilichagua siku ya kung'oa reli, kabla ya mtu mwingine yeyote, kama ilivyo haki yake. Nikamdanganya nikalichukua."

Mtu mmoja mbele alicheka, kisha akaacha. Mashine ya kahawa ilikuwa ikichemka pembeni na hakuna aliyekwenda kuizima. Lyle alinitazama mdomo wazi, akamtazama Verna, akanitazama tena, na niliona uso wake ukijifunga kama mlango wa duka.

"Delmar," akasema kwa sauti ndogo, "mimi nililia uani kwako."

"Najua, Lyle."

"Nililia."

"Mbao ni moyo wa mwerezi," nikaendelea, kwa sababu swali la pili lilikuwa halijajibiwa, na nilijua nikinyamaza sitaweza tena. "Mbao bora kuliko zote nilizowahi kugusa. Na bolti siyo shaba. Orrin hakuzikereza, wala mimi. Bolti zote ni pini za kushonea, na zote kazitia Verna. Mia sita na ushee."

"Mia saba na kumi na mbili," ikasema sauti kutoka nyuma.

Shingo zote ziligeuka. Verna alikuwa amesimama, mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Orrin hakuwahi kuzihesabu," akasema. "Mimi nilizihesabu."

Kisha mzee mmoja akatoa miwani mfukoni, akaenda mezani, akainama hadi pua ikakaribia kugusa boriti. "Jamani," akasema. "Jamani, ni pini kweli. Njooni muone." Wakaja. Viti vililia sakafuni, wakanipita huku na huku kama watu wanavyoipita nguzo ya barabarani, na hakuna bega lililogusa langu. Wakampisha Verna hadi mezani. Mtu akamvutia kiti, akakikataa.

"Zilizo chini hatuzioni," akasema Lyle. Hakunitazama, wala hakulitaja jina langu. "Inua huo upande."

Nikauinua. Daraja lile ni zito kuliko linavyoonekana. Nikalishika kwa mikono yote miwili, usawa wa kifua, wakainama chini yake vichwa vinne vitano kwa pamoja, na Verna akachomoa pini moja ukosini mwa gauni lake ili awaonyeshe.

"Nilianza na zenye vichwa vyeupe, maana ndizo nilizokuwa nazo nyingi," akasema. "Nikajifunza kwamba huwezi kuchoma pini moja kwa moja kwenye mwerezi, inapinda. Kwanza unapasha moto ncha yake kwenye mshumaa. Hivi. Halafu unahesabu hadi tatu, siyo nne."

"Kwa nini siyo nne?" mtu akauliza.

"Ukifika nne kichwa kinapasuka. Nilipasua vingi kabla sijajua. Sasa tazama hapa, safu ya kwanza, utaona nilikuwa bado najifunza."

Mikono yangu ilianza kutetemeka. Safu zilikuwa kumi na moja, Verna alikuwa ndiyo kwanza anaingia ya pili, na hakuna aliyeniambia nilitue.